Jumla yangu ya SQL imezidi: nianze na vitendakazi gani, na nitajuaje kuwa jibu ni sahihi?

Swali la msomaji: Naweza kuandika SELECT, WHERE na ORDER BY bila shida, lakini uchambuzi wenyewe bado naufanya kwenye lahajedwali: natoa data, nanakili, napiga hesabu huko. Juzi nilijaribu SUM na GROUP BY baada ya kuunganisha jedwali la oda na jedwali la malipo, na jumla ikatoka kubwa kuliko ile ya ripoti ya mfumo. Vitendakazi (functions, kama hiyo SUM) ni vingi mno. Nianze na vipi, nifuate mpangilio gani, na nitajuaje kuwa jibu nililopata ni sahihi?

Jibu: Tuanze na hiyo jumla iliyozidi. Hifadhidata haikukosea kujumlisha. Ulipounganisha oda na malipo, kila oda iliyolipwa kwa awamu tatu ilitokea mara tatu, na SUM ikajumlisha kiasi cha oda hiyo mara tatu. SUM haijui oda ni nini. Inajua mistari tu. Kwa hiyo zoezi la kwanza kabisa, kabla ya kitendakazi chochote, ni kujiuliza: katika hatua hii ya hoja yangu, mstari mmoja unawakilisha nini? Oda moja? Awamu moja ya malipo? Mteja mmoja kwa mwezi mmoja? Usipoweza kulijibu hilo kwa sentensi moja, usiandike SUM bado.

Ninaposema mstari nina maana ya ule wa mlalo kwenye jedwali. Safu ni ya wima. Hoja ni maagizo unayoiandikia hifadhidata. Na ili tusizungumze hewani, haya hapa majedwali mawili madogo. Yanakubalika kama yalivyo kwenye SQLite, PostgreSQL na MySQL. Kwa mazoezi SQLite inatosha: hifadhidata nzima ni faili moja, wala huhitaji kuwasha seva.

```
CREATE TABLE oda (
  oda_id INTEGER PRIMARY KEY,
  mteja_id INTEGER,
  tarehe TIMESTAMP,
  hali VARCHAR(20),
  kiasi INTEGER
);

INSERT INTO oda VALUES
(1, 10,   '2024-01-05 00:00:00', 'imelipwa',  400),
(2, 11,   '2024-01-19 00:00:00', 'imelipwa',  250),
(3, 10,   '2024-01-31 15:20:00', 'imefutwa',  300),
(4, 12,   '2024-02-02 00:00:00', 'imelipwa',  NULL),
(5, 11,   '2024-02-14 00:00:00', 'imelipwa',  150),
(6, 10,   '2024-02-14 00:00:00', 'imelipwa',  600),
(7, NULL, '2024-03-01 00:00:00', 'imelipwa',  100),
(8, 12,   '2024-03-09 00:00:00', 'inasubiri', 200);

CREATE TABLE malipo (
  malipo_id INTEGER PRIMARY KEY,
  oda_id INTEGER,
  kilicholipwa INTEGER
);

INSERT INTO malipo VALUES
(1, 1, 400), (2, 2, 250), (3, 5, 150),
(4, 6, 200), (5, 6, 200), (6, 6, 200),
(7, 7, 100);
```

Mistari minane inaonekana michache, na uchache huo ndio faida yake. Kila hesabu unaweza kuihakiki kwa kalamu. Anayejifunza kwa jedwali la mistari laki tano hupata namba, akaiamini kwa sababu hana jinsi ya kuikagua. Tena data hii imechafuliwa kwa makusudi: oda ya 4 haina kiasi, ya 7 haina mteja, ya 3 iliingia mchana wa siku ya mwisho ya mwezi, na ya 5 na ya 6 zina tarehe moja.

Vile vitano vya mwanzo

COUNT, SUM, AVG, MIN na MAX vinabeba sehemu kubwa ya uchambuzi wa kila siku. Kuvijua majina ni kazi ya dakika tano. Kinachochukua muda ni kujua vinafanya nini vikikutana na NULL, yaani mahali ambapo thamani haipo au haijulikani.

```
SELECT COUNT(*), COUNT(kiasi), COUNT(DISTINCT mteja_id),
       SUM(kiasi), AVG(kiasi), AVG(COALESCE(kiasi, 0))
FROM oda;
```

Majibu ni 8, 7, 3, 2000, 285.71 na 250. COUNT(*) inahesabu mistari. COUNT(kiasi) inahesabu mistari yenye kiasi, kwa hiyo oda ya 4 imeachwa. COUNT(DISTINCT mteja_id) inahesabu wateja tofauti, na NULL haihesabiwi kuwa mteja.

Wastani ndio wenye kesi. AVG imegawa 2000 kwa 7, si kwa 8, kwa sababu inaruka NULL. Ukiigeuza NULL kuwa sifuri kwa COALESCE, mgawanyo unakuwa kwa 8 na wastani unashuka hadi 250. Lipi ni sahihi? Inategemea NULL ile ina maana gani kwa walioingiza data. Kama ni "kiasi hakikuandikwa", 285.71 ndiyo haki yake. Kama ni "oda ya bure", basi ni 250. Hakuna kitendakazi kitakachokuamulia hilo. Uliza wenye data. Watu wengi huweka COALESCE kila mahali kwa mazoea ili matokeo yasiwe na mapengo, na hapo ndipo wastani unapopotoshwa kimyakimya.

Jambo jingine dogo lenye madhara: SUM ya mistari sifuri hairudishi 0, inarudisha NULL, wakati COUNT yake ni 0. Ripoti yako ikionyesha nafasi tupu badala ya sifuri, sababu huwa ni hiyo, na hapo COALESCE(SUM(kiasi), 0) inafaa kabisa.

Kuhusu wastani wenyewe, usiuamini ukiwa peke yake. Oda moja ya 600 inauvuta juu. Namba ya katikati ya viasi vyetu saba ni 250. PostgreSQL inaitoa kwa PERCENTILE_CONT(0.5) WITHIN GROUP (ORDER BY kiasi). MySQL haina kitendakazi hicho, itabidi upange mistari na kuchukua wa katikati mwenyewe.

GROUP BY, na mpangilio usioonekana

GROUP BY inagawa mistari katika makundi, kisha kila kundi linarudi kama mstari mmoja. Maana ya mstari imebadilika hapo: ulikuwa oda moja, sasa ni mteja mmoja.

```
SELECT mteja_id, COUNT(*) AS idadi, SUM(kiasi) AS jumla
FROM oda
WHERE hali = 'imelipwa'
GROUP BY mteja_id
HAVING COUNT(*) > 1;
```

Utapata mteja 10 mwenye oda 2 na jumla 1000, na mteja 11 mwenye oda 2 na jumla 400. Ondoa HAVING uone kitu cha ziada: mistari yenye mteja_id NULL imewekwa pamoja kama kundi moja. Kwetu ni oda moja tu, lakini kwenye data halisi kundi hilo linaweza kuwa ndilo kubwa kuliko yote, likakaa juu ya orodha ya "wateja wetu bora".

Tofauti ya WHERE na HAVING inawasumbua wengi kwa sababu hoja haitekelezwi kwa mpangilio ilivyoandikwa. Ukiifikiria kwa hatua, kwanza ni FROM na JOIN, halafu WHERE, halafu GROUP BY, halafu HAVING, ndipo SELECT pamoja na vitendakazi vya dirisha (tutavifikia mbele), kisha DISTINCT, ORDER BY, na mwisho LIMIT. WHERE inachuja mistari kabla ya makundi kuundwa, HAVING inachuja makundi yaliyokwisha kuundwa. Ndiyo maana huwezi kuandika WHERE COUNT(*) > 1: wakati WHERE inafanya kazi, hakuna kilichohesabiwa. Na ndiyo maana PostgreSQL inakataa jina ulilobuni kwenye SELECT lisitumike kwenye WHERE, halijazaliwa bado. Uikariri orodha hiyo. Utaepuka nusu ya ujumbe wa makosa unaopata.

Kuna kosa lisilotoa ujumbe wowote. Ukiandika SELECT mteja_id, hali, SUM(kiasi) na GROUP BY mteja_id pekee, PostgreSQL itagoma. MySQL kuanzia 5.7 nayo hugoma kwa mipangilio yake ya kawaida. SQLite haigomi: itakuchukulia hali ya mstari mmoja wowote ndani ya kundi na kukuletea kana kwamba ni ya kundi zima. Mteja 10 ana oda zilizolipwa na moja iliyofutwa. Utaona hali moja tu. Kanuni ni kwamba safu yoyote iliyo kwenye SELECT ama iwe ndani ya kitendakazi cha kujumlisha, ama iwe kwenye GROUP BY.

Na kabla ya kupanga makundi kwa safu ya maneno, angalia maneno yenyewe kwa SELECT hali, COUNT(*) FROM oda GROUP BY hali. "imelipwa", "Imelipwa" na "imelipwa " yenye nafasi mwishoni zinaweza kutoka kama makundi matatu. TRIM (inayoondoa nafasi za pembeni) na LOWER (inayogeuza herufi kuwa ndogo) zinatibu hilo, lakini tiba nzuri zaidi ni kusafisha data inapoingia.

CASE ndani ya SUM

Hiki ndicho kifaa ninachokiona kinadharauliwa kuliko vyote, na ndicho kitakachokutoa kwenye lahajedwali. Badala ya kuandika hoja nne za hali nne, unaandika moja:

```
SELECT
  COUNT(*) AS zote,
  SUM(CASE WHEN hali = 'imelipwa' THEN kiasi ELSE 0 END) AS kiasi_kilicholipwa,
  SUM(CASE WHEN hali = 'imefutwa' THEN 1 ELSE 0 END) AS zilizofutwa,
  100.0 * SUM(CASE WHEN hali = 'imefutwa' THEN 1 ELSE 0 END)
        / COUNT(*) AS asilimia_ya_kufutwa
FROM oda;
```

Matokeo: 8, 1500, 1 na 12.5. Ile 100.0 yenye nukta si pambo. Kwenye PostgreSQL, SQLite na SQL Server, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili hutoa namba kamili, hivyo 1/8 ni 0. Ukizidisha kwa 100 baadaye, unabaki na 0. MySQL haifanyi hivyo, alama yake ya kugawa hutoa desimali, ndiyo sababu hoja iliyonakiliwa kutoka MySQL huweza kutoa asilimia za sifuri mahali pengine. SQL Server inaongeza lake: AVG ya safu ya namba kamili nayo hukatwa desimali, ingekupa 285.

Usichanganye SUM na COUNT hapa. COUNT(CASE WHEN hali = 'imefutwa' THEN 1 ELSE 0 END) itakupa 8, kwa kuwa 0 si NULL na COUNT inahesabu kila kisicho NULL. Ukitaka COUNT, ondoa ELSE 0 kabisa.

Ukigawa kwa namba inayoweza kuwa sifuri, izungushie NULLIF: jumla / NULLIF(idadi, 0). PostgreSQL ikikutana na mgawanyo kwa sifuri inasimamisha hoja nzima. Kwa NULLIF mstari huo mmoja unarudi NULL na mingine inaendelea.

Kuunganisha majedwali, yaani tatizo lako

Fanya jaribio hili (LEFT JOIN inabakiza kila oda, hata isiyo na malipo):

```
SELECT COUNT(*), SUM(o.kiasi)
FROM oda o
LEFT JOIN malipo m ON m.oda_id = o.oda_id;
```

Tulikuwa na mistari 8 na jumla 2000. Sasa ni mistari 10 na jumla 3200. Oda ya 6 yenye 600 ina awamu tatu za malipo, imetokea mara tatu, na 1200 za ziada zimezaliwa hapo. Mstari sasa ni "oda na awamu moja ya malipo yake", lakini wewe bado unajumlisha kana kwamba ni oda. Hali huwa mbaya zaidi ukiunganisha majedwali mawili ya watoto, yaani yanayoweza kuwa na mistari mingi kwa oda moja, kwa pamoja: oda yenye malipo 3 na bidhaa 4 inatoa mistari 12, na hapo jumla ya malipo na ya bidhaa zote zinaharibika.

Dawa ni kulirudisha jedwali la watoto kwenye mstari mmoja kwa oda kabla ya kuliunganisha:

```
WITH malipo_kwa_oda AS (
  SELECT oda_id, SUM(kilicholipwa) AS kilicholipwa
  FROM malipo
  GROUP BY oda_id
)
SELECT SUM(o.kiasi) AS jumla_ya_oda,
       SUM(m.kilicholipwa) AS jumla_ya_malipo
FROM oda o
LEFT JOIN malipo_kwa_oda m ON m.oda_id = o.oda_id;
```

Sasa ni 2000 na 1500. WITH inakuruhusu kulipa tokeo la kati jina na kulitumia kama jedwali, na faida yake kubwa ni kwamba kila hatua unaweza kuiendesha peke yake na kuhesabu mistari yake.

Utakutana na watu watakaokushauri SUM(DISTINCT o.kiasi). Kwenye data yetu itakupa 2000, sahihi kabisa, kwa bahati tupu: hakuna oda mbili zenye kiasi kinachofanana. Ongeza oda ya 9 yenye kiasi cha 400 na DISTINCT itaimeza, kwa kuwa inaondoa thamani zinazojirudia bila kujali ni za oda zipi. Ni kosa baya kwa sababu hufaulu mtihani wa kwanza.

Kuwapata wanaosababisha kurudiwa ni rahisi: SELECT oda_id, COUNT(*) FROM malipo GROUP BY oda_id HAVING COUNT(*) > 1. Kwetu itajibu 6 na 3. Iendeshe kwa kila jedwali unalotaka kuliunganisha upande wa kulia. Isiporudisha chochote, mistari yako haitazidi.

Upo pia upotevu wa upande wa pili. Ukitumia LEFT JOIN kisha ukaweka sharti la jedwali la kulia kwenye WHERE, mfano WHERE m.kilicholipwa > 100, oda zote zisizo na malipo zinaondoka, maana NULL > 100 si kweli wala si uongo, na WHERE inapokea kweli tu. Umeandika LEFT JOIN lakini umepata JOIN ya kawaida. Sharti la namna hiyo liweke kwenye ON. Kwa sababu hiyo hiyo, WHERE hali <> 'imefutwa' huzitupa pia oda ambazo hali yake ni NULL.

Na ukitafuta wateja wasio na oda, usitumie NOT IN (SELECT mteja_id FROM oda). Oda ya 7 ina mteja_id NULL, na NULL moja tu ndani ya orodha hiyo inafanya hoja irudishe mistari sifuri. Tumia NOT EXISTS.

Tarehe

Andika WHERE tarehe BETWEEN '2024-01-01' AND '2024-01-31' na Januari itakupa 650. Jumla halisi ni 950. '2024-01-31' bila saa inasomeka kama mwanzo wa siku hiyo, usiku wa manane, na oda ya 3 iliingia saa tisa na dakika ishirini alasiri. Andika hivi kila mara:

```
WHERE tarehe >= '2024-01-01' AND tarehe < '2024-02-01'
```

Huhitaji kukumbuka mwezi una siku ngapi, na kama safu ya tarehe ina faharasa (index, inayoharakisha utafutaji), hifadhidata itaweza kuitumia. Ukiifunga safu ndani ya kitendakazi kwenye WHERE, faharasa ya kawaida haisaidii tena na jedwali kubwa litasomwa lote.

Kwa kupanga makundi ya miezi, majina yanatofautiana: PostgreSQL ina date_trunc('month', tarehe), MySQL ina DATE_FORMAT(tarehe, '%Y-%m'), SQLite ina strftime('%Y-%m', tarehe). Usipange kwa namba ya mwezi peke yake, Januari za miaka yote zitachanganyika.

Halafu usichukue wastani wa wastani. Wastani wa Januari ni 316.67, wa Februari 375, wa Machi 150. Ukiujumlisha na kugawa kwa 3 unapata 280.56, wakati wastani halisi wa oda zote ni 285.71. Miezi haina idadi sawa ya oda. Hifadhi SUM na COUNT za kila mwezi, kisha gawa jumla ya jumla kwa jumla ya idadi.

Vitendakazi vya dirisha

Viache hadi GROUP BY iwe imekukaa. Tofauti yao ni moja: GROUP BY inaibana mistari kuwa mmoja, dirisha linaiacha yote na kuongeza safu yenye hesabu ya mistari jirani. Unavitambua kwa neno OVER. PARTITION BY inagawa mistari, ORDER BY iliyo ndani ya OVER inaipanga.

Jumla inayoendelea inaonyesha mtego wao mkuu:

```
SELECT oda_id, kiasi,
       SUM(kiasi) OVER (ORDER BY tarehe) AS inayoendelea
FROM oda;
```

Inakwenda 400, 650, 950, 950, kisha oda ya 5 inaonyesha 1700 na ya 6 pia 1700. Mbona ya 5 isiwe 1100? Usipotaja mipaka ya dirisha, kawaida yake ni RANGE, ambayo huichukulia mistari yenye tarehe sawa kuwa kitu kimoja na kuijumlisha kwa pamoja. Ukitaka mstari kwa mstari, sema wazi, na uongeze safu ya kuvunja sare:

```
SUM(kiasi) OVER (
  ORDER BY tarehe, oda_id
  ROWS BETWEEN UNBOUNDED PRECEDING AND CURRENT ROW
)
```

Mipaka hiyo hiyo ya kawaida ndiyo inayofanya LAST_VALUE ionekane mbovu: dirisha linaishia kwenye mstari uliopo (pamoja na yenye sare nao), hivyo "ya mwisho" inakuwa ni yenyewe. Geuza mpangilio kwa DESC na utumie FIRST_VALUE, ni rahisi zaidi.

ROW_NUMBER utaitumia kuliko vyote. Oda ya mwisho ya kila mteja:

```
WITH zilizopangwa AS (
  SELECT oda_id, mteja_id, kiasi,
         ROW_NUMBER() OVER (
           PARTITION BY mteja_id
           ORDER BY tarehe DESC, oda_id DESC
         ) AS nafasi
  FROM oda
)
SELECT * FROM zilizopangwa WHERE nafasi = 1;
```

Zinarudi oda 6, 5, 8, na 7 ya yule asiye na namba. WITH (au hoja ndogo ndani ya FROM) ni lazima hapa, kwani WHERE hutangulia kabla dirisha halijahesabiwa. RANK na DENSE_RANK ni ndugu zake na wanatofautiana kwenye sare tu: alama 90, 90 na 80 zinapata 1, 2, 3 kwa ROW_NUMBER, 1, 1, 3 kwa RANK, na 1, 1, 2 kwa DENSE_RANK.

LAG inaleta thamani ya mstari uliotangulia. Miezi yetu ina 950, 750 na 300, kwa hiyo jumla - LAG(jumla) OVER (ORDER BY mwezi) inatoa NULL, -200 na -450. Angalia kwamba nimesema mstari uliotangulia. Sikusema mwezi uliotangulia. Kama Februari isingekuwa na oda hata moja, isingekuwepo kwenye matokeo, na Machi ingelinganishwa na Januari bila onyo lolote. Tengeneza jedwali dogo la miezi yote, liwe upande wa kushoto wa LEFT JOIN, ndipo utumie LAG.

Vitendakazi hivi vimo katika kiwango cha SQL tangu 2003, lakini MySQL ilivipata kwenye toleo la 8.0 na SQLite kwenye 3.25, yote mwaka 2018. OVER ikileta kosa la sarufi wakati umeiandika vizuri, endesha SELECT version() au, kwa SQLite, SELECT sqlite_version() kabla ya kujilaumu.

Ratiba na ukaguzi

Wiki ya kwanza baki na vile vitano, GROUP BY na HAVING. Ya pili iwe ya CASE na tarehe. Kuunganisha majedwali kupe wiki mbili, maana ndiko makosa ya gharama yanakotoka. Dirisha baadaye. Majina ya vitendakazi vya maandishi na hesabu usiyakariri. Tafuta siku unapohitaji.

Kila unapofika kwenye data mpya, kabla ya swali lolote, pata namba hizi: COUNT(*), COUNT(DISTINCT) ya safu inayopaswa kuwa ya kipekee, MIN na MAX ya tarehe, na idadi ya NULL kwa kila safu utakayoigusa, ambayo ni COUNT(*) - COUNT(safu). Mbili za kwanza zikitofautiana, safu unayodhani ni ya kipekee inajirudia au ina NULL. Tarehe ndogo ikiwa ya mwaka 1970, kuna mahali sifuri imegeuzwa kuwa tarehe.

Kisha kila baada ya JOIN, endesha COUNT(*) tena. Kwa hoja yako ya juzi, hesabu mistari ya oda peke yake, hesabu baada ya kuunganisha na malipo kwa LEFT JOIN, halafu toa. Tofauti utakayoipata ni mistari iliyozidishwa, na ile hoja ya HAVING COUNT(*) > 1 itakuonyesha ni oda zipi. Ukishazijumlisha malipo yake kwanza kwa WITH na bado namba haifanani na ripoti ya mfumo, tazama kama ripoti ile inaacha oda zilizofutwa. Kwenye data yetu hiyo ingekuwa 1700 dhidi ya 2000.